Waliochagua Kubaki

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo na ndoo imerudi mahali pake. Kila masika dari la chumba chetu linavuja palepale, juu ya kabati la kamusi, na kila masika tunawaandikia barua watu wa majengo, nao wanatuletea ndoo. Safari hii ni mpya, ya bluu. Mwenzangu Kobe ameipima kwa rula ili ajue itajaa baada ya saa ngapi.

Nimenunua daftari hili kwa sababu nimechoka kuandika maneno ya watu tu. Mwaka wa ishirini na mbili huu niko Hansadi. Wabunge wanasema, mashine inarekodi, sisi tunavaa hedifoni na kuandika kila neno, hata la kipuuzi, likae kwenye kitabu cha Bunge. Yangu mwenyewe hayana kitabu. Basi na yawe na daftari.

Leo Kamati ya Mambo ya Nje imefungua uchunguzi. Vita vya nchi jirani vina miezi mitatu sasa, na wabunge wanataka kujua serikali yetu ilifanya nini: iliwarudishaje raia wetu, ilizungumza na nani, na misaada iliyoitangaza kwa mbwembwe iko wapi. Kabla ya kazi Mzee Nukta, mkuu wetu wa kitengo, alitugawia ile fomu ya siku zote. Je, una ndugu au maslahi yanayoguswa na shughuli hii? Mimi na Kobe tulijazia meza moja, kwa kalamu moja. Niliandika: Sina.

Ninaye. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ni muuguzi kwenye hospitali ya mji uliozingirwa huko. Sote tunamwita Kitinda. Ningemtaja wangenihamishia Kamati ya Mifugo, nami nataka kusikia kila kitakachosemwa. Ni mara yangu ya kwanza kuandika uongo kwenye karatasi ya Bunge. Niliandika haraka kama ninavyoandika tarehe, na hilo ndilo linalonisumbua.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Ndoo nusu. Kitinda kimya.

Alhamisi, 7 Machi

Ujumbe umeingia: "Niko salama dada. Mtandao mbovu. Msalimie mama." Basi. Nimemuuliza kwa mara ya kumi kwa nini hakupanda ile ndege ya serikali ya mwezi wa pili, iliyowarudisha wengine wakapokewa na Waziri kwa maua. Jibu ni lilelile: "Nitakueleza nikija."

Mama namkuta kila jioni kwenye kiti chake karibu na redio, na kabla sijavua viatu ananiuliza, "Bunge limesema nini leo?" Kwake Bunge ni mtu mmoja, mtu mzima mwenye akili zake timamu, anayejua kila mtoto wa nchi hii yuko wapi. Nikimwambia bado halijasema la maana, anaitikia taratibu na kurudi kwenye redio yake.

Jumanne, 12 Machi

Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje alikuja kutoa ushahidi. Sitaficha, mtu huyu nilikuwa nampenda. Katika miaka yangu yote ni shahidi pekee ambaye sentensi zake zinaanza, zinakwenda, na zinafika. Hana "yaani", hana "nini hii". Wengine tunawasafisha mpaka vidole vinauma. Yeye unaandika tu.

Leo alisema, kwa sauti yake ile ya utulivu, kwamba raia wote waliotaka kurudi walirudishwa kwa ndege ile, na kwamba watu kumi na saba, kwa hiari yao wenyewe, walichagua kubaki.

Kuna mbunge mmoja wa kike tunamwita Miwani, maana hana swali asilolianza kwa kuivua. Siku zote namwona mtu wa kujionyesha. Aliivua akauliza nani aliwauliza hao kumi na saba. Katibu Mkuu akajibu kwamba ubalozi uliwasiliana nao. Akauliza tena: nani, kwa jina, aliwauliza? Akajibiwa kwamba hilo litaletwa kwa maandishi. Hapo Mwenyekiti wa Kamati, ambaye jengo zima linamwita Bwana Chai, akasikia vikombe mlangoni. Akasema, "Haya, chai," na wote wakainuka.

Kwa utaratibu hilo si neno. Kikao kinaanza Mwenyekiti anaposema kimeanza, na kinasimama anaposema "Nasitisha kikao". Chochote kilicho katikati, hata chafya, ni mali ya Hansadi, na mashine haizimwi. Lakini Bwana Chai huu mwaka wa kumi na moja anasahau, nasi kwa heshima tunamsitishia wenyewe. Tunaviruka vijiko na vicheko, tunaandika: Saa 4.30 asubuhi kikao kilisitishwa. Wote isipokuwa Kobe. Kobe humpelekea Mwenyekiti kikaratasi kumuuliza alisitisha saa ngapi, kisha husubiri jibu siku mbili, na kazi ya kitengo kizima inasubiri naye. Tumemcheka mpaka tumechoka.

Jioni mama alikuwa ameshasikia redioni. Hakuniuliza Bunge limesema nini. Alisema tu, "Kumbe alichagua."

Ijumaa, 15 Machi

Siku tatu mama hamtaji Kitinda. Nilijaribu kumwambia kwamba si kila kinachosemwa na serikali kiko sawasawa. Akanitazama kwa jicho kali. "Si wewe ndiye unayeyaandika?"

Ubaya ni kwamba anayo sababu ya kuamini. Miaka minne iliyopita Kitinda alipata kazi huko, mama akamkataza kwenda, akaenda. Waliagana bila kutazamana. Kwa hiyo neno la Katibu Mkuu lilimkuta mama akiwa na nafasi ya kuliweka.

Leo nimekuta buti za mvua za Kitinda, zile nyekundu, hazipo nyuma ya mlango. Mama amempa jirani. Nilipouliza akasema aliyechagua kukaa kwingine hana haja ya buti hapa. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Jumanne, 19 Machi

Zamu ya misaada. Mkurugenzi wa wizara alisema tani arobaini za dawa na unga zimepelekwa. Miwani akauliza zimefika wapi. Zimepelekwa, akajibu. Akaulizwa tena zimefika wapi. Ikatoka kidogo kidogo: zipo mpakani, upande wetu, chini ya turubai, wiki ya sita sasa, zinasubiri mabalozi wa pande mbili wakubaliane siku ya kukabidhiana mbele ya kamera. Tena mvua, akaongeza, imevuruga ratiba.

Niliandika kila neno. Kisha nilikwenda chooni, nikafungulia bomba, nikalia. Jana Kitinda aliandika kwamba bandeji wanazifua na kuzianika wodini, maana nje hakukauki kitu.

Miwani nilimkosea. Mtu wa kujionyesha asingeuliza swali moja mara nne.

Jumatano, 20 Machi

Ndoo imejaa kabla ya saa aliyokadiria Kobe. Amenuna kana kwamba mvua imemdanganya yeye.

Alhamisi, 28 Machi

Ni saa tisa mchana. Naandika nikiwa kwenye benchi la varanda ya Bunge, kwa sababu sitaki kufika nyumbani kabla sijaliweka hili mahali.

Juzi Katibu Mkuu alirudi kumalizia ushahidi wake. Mimi nilipangiwa kipande cha tatu cha sauti, nikakianza leo asubuhi. Miwani kauliza tena swali lake, kaahidiwa tena maandishi, Bwana Chai kasema, "Haya, chai." Kwa kawaida hapo nasogeza mbele mpaka wanaporudi kukaa. Lakini tangu mdogo wangu aitwe aliyechagua, mimi siruki kitu. Nikaiacha iende.

Vijiko. Kiti kinaburutwa. Kisha sauti ya Katibu Mkuu, karibu kabisa, kipaza sauti chake kingali kinawaka, anazungumza na mkurugenzi wake aliyeketi pembeni. Najua siruhusiwi kuyatoa ofisini. Nayanakili hapa, na daftari hili halitoki mkobani.

KATIBU MKUU: Yule mama atauliza mpaka lini?

MKURUGENZI: Mpaka apewe jina. Na jina hatuna. Hakuna aliyewauliza.

KATIBU MKUU: Si walipigiwa simu?

MKURUGENZI: Wa mji mkuu ndiyo. Wale wa hospitalini waliambiwa wakae getini na mabegi, gari linakuja. Gari halikutumwa.

KATIBU MKUU: Kwa nini?

MKURUGENZI: Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Ndege ingechelewa, na Waziri alishapanga kuipokea kabla ya taarifa ya habari. Ikaondoka na viti thelathini na nane vitupu.

KATIBU MKUU: Viti usivitaje popote. Kwenye maandishi rudia lugha yetu ileile, walichagua kubaki. Nani atakuja kukanusha? Wako huko.

MKURUGENZI: Sukari?

KATIBU MKUU: Kijiko kimoja.

Hata hapo sentensi zake zilikuwa safi. Nimeisikiliza mara nne. Mdogo wangu alisimama getini na begi. Miezi miwili amekaa na jambo hili asimwambie mama, maana anajua mama angemjibu nini, na mimi niliona kimya chake ni kiburi.

Baadaye, nyumbani. Leo mama ameniuliza, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Bunge limesema nini. Nimemwambia hakuna jipya. Rasimu ni siri mpaka itolewe, nami nimekula kiapo. Nilikaa mkabala naye nikimenya chungwa, nikimtazama anavyomkasirikia mtu asiye na kosa.

Jumanne, 2 Aprili

Mzee Nukta ameisoma rasimu yangu. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Ndiye aliyenipiga marufuku kuongeza hata nukta ambayo msemaji hakuivutia pumzi, na jina lake limetokana na hapo. Anastaafu mwezi wa sita. Alifunga mlango, akaweka kidole pale penye "Haya, chai".

"Hapa weka ile ya kawaida," alisema.

Nikamwambia Mwenyekiti hakusitisha.

"Mara ngapi wewe mwenyewe umemsitishia?"

Sikuwa na hesabu. Mamia. Kama dakika kumi na nne hizi za chai ni za Hansadi, basi zile zote nilizoziruka kwa miaka kumi na moja zilikuwa za Hansadi pia, na mimi ndiye niliyezifuta. Alijua nimekwama. Akaanza kupanga kalamu zake, akaniuliza kwa upole, bila kunitazama, yule mdogo wangu muuguzi, aliyewahi kuja hapa kuniletea funguo, yuko wapi siku hizi.

Mpaka sasa sijui alikuwa ananitisha au ananionya.

Jumatano, 3 Aprili

Nimezunguka na jambo hili kutwa. Nikiandika ile ya kawaida, Kitinda amechagua kubaki, na itasomwa hivyo hata sote tukiwa hatupo. Nikiyaacha maneno yakae, wizara itauliza aliyeyaandika ni nani, watakuta dada wa muuguzi, aliyesaini kwamba hana ndugu, na karatasi zote zitatupwa. Uongo wangu wa neno moja ndio utakaowasafisha.

Mvua haijakatika tangu alfajiri.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeandika barua ya mistari mitatu. Kwamba ninaye ndugu anayeguswa, kwamba niliandika sina nikijua ninaye, kwamba naomba niondolewe kwenye shughuli hii na kazi yangu ifanywe upya na mwingine. Nakala moja kwa Mwenyekiti.

Mzee Nukta aliisoma mara mbili. Akauliza kama nimelala vizuri. Nikasema hapana. Akaitoa rasimu yangu kwenye faili akaichana mbele yangu, bila hasira, kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka: kazi ya mwenye maslahi haihesabiwi. Nilisikia kila karatasi inavyochanika. Kisha akatia kanda ya sauti kwenye bahasha mpya na kuiweka mezani kwa Kobe.

Sikuweza kumwambia Kobe neno. Nikimnong'oneza hata moja, naye anaharibika kama mimi. Ameniuliza tu kama hedifoni zangu zinakwaruza upande wa kushoto, maana anataka kubadilishana.

Ijumaa, 5 Aprili

Barua ya onyo kali. Nimehamishiwa masijala, chini kabisa ya jengo, kwenye makabati ya chuma na balbu moja. Huku hakuvuji. Nimekuwa naikumbuka ndoo.

Jumanne, 9 Aprili

Kitinda kimya siku ya sita. Daraja la kaskazini mwa mji ule limechukuliwa na maji, redio inasema. Mama alipoisikia aliinuka akaenda kufuta meza iliyokuwa safi.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekutana na Kobe kwenye ngazi. Nikamuuliza anaendeleaje na kazi, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Akasema yuko dakika ya tisa. Dakika ya tisa, siku ya sita ya kazi. Zamani ningelisimulia jambo hili kitengo kizima tucheke. Leo nilitamani kumshika mkono nimwambie aende polepole zaidi, asikose hata kijiko.

Naogopa. Kobe ni mtu wa utaratibu, lakini Mzee Nukta ndiye bosi wake pia, na mlango unafungwa kwa kila mtu.

Jumanne, 16 Aprili

Bado. Mvua.

Ijumaa, 19 Aprili

Kobe ameshuka masijala mwenyewe, akiwa na chakula chake kwenye kopo, akaniambia amemaliza na sasa si siri, Kamati imeshapewa. Alinisimulia huku anatafuna, kwa mwendo wake, nami nikijizuia nisimsukume.

Alipofika penye "Haya, chai" alitaka kufanya anachofanya siku zote. Mzee Nukta alimwita akamwambia aweke ile ya kawaida. Kobe akamjibu kwamba yeye ile ya kawaida haijui, hajawahi kuiandika, hata hajui inaanzaje. Akampelekea Mwenyekiti kikaratasi: Mheshimiwa, sauti inaendelea dakika kumi na nne baada ya wewe kutaja chai. Je, ulisitisha kikao saa ngapi?

Miaka yote Bwana Chai hurudisha kikaratasi hicho na saa yoyote inayomjia kichwani. Kobe alisubiri siku mbili. Siku ya tatu mzee yule alishuka Hansadi mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha karibu na ndoo, akaomba hedifoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba arudishiwe mwanzo. Chai waliyomletea ilipoa mbele yake. Kisha akachukua kalamu ya Kobe, akaandika chini ya kile kikaratasi, na Kobe amenionyesha: "Sikusitisha. Kosa ni langu. Yaandikwe."

Mzee Nukta alitia saini siku hiyohiyo. Kobe anasema alisaini akiwa amesimama, kalamu haikusita, kisha akaenda kufungua dirisha. Nimemfikiria sana jioni hii. Pengine alikuwa anangoja mtu mwingine aseme hapana kwanza. Pengine nampamba kwa sababu alinilea.

Nimemwomba Kobe radhi kwa miaka yote ya kumcheka. Akashangaa. Kumbe hakujua tunamcheka.

Jumatano, 24 Aprili

Wizara imeandika kutaka dakika kumi na nne zifutwe, kwa hoja kwamba mwandishi alikuwa na ndugu yake kule. Bwana Chai amejibu kwamba mwandishi mwenye ndugu aliondoka kwa barua yake mwenyewe, yenye tarehe, na aliyeandika ni mwingine asiye na ndugu hata wilaya ya pili. Wametulia.

Jumanne, 30 Aprili

Niliomba ruhusa nikakaa nyumbani na mama kusikiliza redio. Sikumwambia kwa nini. Mvua ilikuwa imepungua, inadondoka tu kwenye mabati.

Bwana Chai alisimama kusoma taarifa ya Kamati. Ana sauti nzito na husoma vibaya, anakwama kwenye namba. Alisoma habari za dawa zilizo chini ya turubai. Kisha akasema Kamati inalisomea Bunge maneno yaliyotamkwa katika kikao ambacho yeye Mwenyekiti, kwa uzembe wake, hakukisitisha. Akayasoma yote. Hakuruka hata sukari.

Bungeni palilipuka. Spika alipiga nyundo mpaka nikamhurumia atakayeandika. Mama yeye hakusogea. Aliniambia nipunguze redio.

"Kwa hiyo alikaa getini," alisema.

"Alikaa, mama."

"Na begi?"

"Na begi."

"Wewe ulijua tangu lini?"

Nikamwambia tangu mwezi wa tatu. Akanitazama kwa muda mrefu, na nilidhani atanipiga, mtu mzima mimi na mvi zangu. Akasema kazi yangu ni mbaya. Nikasema ndiyo. Kisha akajifunga kanga ya pili, akatoka na mvua ile ndogo, akaenda kwa jirani. Alirudi na zile buti nyekundu. Jirani alikuwa amezivaa shambani. Mama alikaa kizingitini akazisugua kwa brashi mpaka maji ya mwisho yakatoka meupe. Alikuwa analia na hakutaka nimsaidie.

Alhamisi, 2 Mei

Waziri ametangaza kwamba shehena itavuka na magari yatatumwa hospitalini. Katibu Mkuu amepewa likizo. Kitinda kimya, wiki ya nne.

Jumanne, 7 Mei

Kimya.

Jumatatu, 13 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Kobe anasema ndoo imekauka na watu wa majengo wameichukua, mpaka mwakani.

Mama amefua mashuka ya kitanda cha Kitinda. Jana yalikuwa safi pia.

Jumamosi, 18 Mei

Jua. Nilikuwa naanika nguo simu ilipolia mlio wa ujumbe. Ni sauti ya Kitinda. Niliusikiliza mara moja peke yangu kwenye kamba ya nguo, na sikujua niingieje ndani. Tangu tangazo la Waziri nilikuwa nimejiandaa kwa habari mbili tu, anakuja au amekufa. Hii sikujiandaa nayo.

Nikaingia, nikaiweka simu mezani mbele ya mama, nikabonyeza.

Ameisikiliza mara tatu. Baada ya ya tatu akaniuliza, "Kaulizwa kwa jina?" Nikasema kwa jina. Akashika meza kwa mikono miwili. Akasema hawezi kudanganya kwamba amefurahi, ana hasira ileile ya miaka minne, ila sasa ana hasira na mtu anayemjua. Kisha akaniambia nilete lile daftari langu, maana ameniona nalo tangu Machi hajasema kitu, niyaandike maneno ya mwanawe kama ninavyoyaandika ya wakubwa. Yote. Nisisafishe.

Nimeyaandika.

"Dada, shikamoo. Yaani sijui nianzie wapi. Gari limefika, juzi. Na dawa zimefika, nusu zimelowa, lakini nusu ni nzima. Gari lina viti sita. Wenzangu watatu wamepanda, na yule mama wa mapacha na mapacha wake. (Sauti ya mlango.) Nakuja, nakuja. Dada, wodini nina wagonjwa ishirini na wawili, na tumebaki wawili tunaojua kuweka dripu. Kaja afisa wa ubalozi na karatasi. Kaniuliza kwa jina langu, unakwenda au unabaki. Nimesema nabaki. Nimesaini. Najua mama atakasirika. Mwambie ile ya kwanza sikuchagua, tulikaa getini mpaka giza likaingia. Mwambie hii ndiyo nimechagua. (Kimya.) Buti zangu bado zipo? Huku tope mpaka magotini. (Sauti ya mlango.) Nakuja."

Mama aliniuliza kama nimeandika na shikamoo. Nimeandika. Na mlango? Mara mbili. Na saa? Nikaangalia simu: saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Akasema niandike na hiyo.

Kisha akazichukua zile buti, akazijaza magazeti ya zamani zisijikunje, akazirudisha nyuma ya mlango.